Ngoma Inalia Wapi? Mwongozo wa Mgeni Anayekuja Mtwara na Lindi

Mgeni akishuka Mtwara na kuuliza mapokezi ya nyumba ya wageni, "Leo usiku kuna burudani gani?", mara nyingi ataelekezwa kwenye baa yenye spika kubwa, au ataambiwa hakuna kitu. Anayemjibu hamdanganyi. Yeye anafikiria kumbi, na kumbi zenye ratiba mjini hapa ni chache. Ngoma za kusini ziko uwanjani: nyuma ya nyumba yenye sherehe, chini ya mwembe Mikindani, kwenye kiwanja cha shule Tandahimba. Hazibandikiwi tangazo kwa kuwa wanaohusika wote wanajuana. Swali la kuuliza ni "Nani anatoa wali wiki hii?" (wali hapa ni watoto wanaotoka jandoni au unyagoni, siyo chakula) au "Ngoma inalia wapi?", na wa kuulizwa ni dereva wa bajaji, mama lishe, na wazee wa kijiwe cha kahawa baada ya alasiri. Hao ndio wanaojua.

Makala hii ni ya mtu anayetaka kuona ngoma za kusini kwa heshima na kwa mpangilio, asirudi Dar es Salaam akisema Mtwara kuna korosho na gesi tu. Nitakaa zaidi kwenye ngoma, maana huko ndiko wageni wengi wanakokosea. Taarab, singeli na matamasha ya Bongo Fleva nitayapitia haraka.

Kuchagua mwezi

Kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Ngoma ya ngozi haipatani na unyevu, na barabara nazo hazipatani na mafuriko. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam kwenda kusini ilikatika eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo mtu anayekuja kwa ajili ya ngoma asipange safari ya Machi au Aprili.

Msimu wenyewe unaanza Juni. Mavuno yameingia, anga ni kavu, shule zimefungwa. Jando na unyago huangukia likizo hizi, na kwa miaka mingi sasa viongozi wa mikoa hii miwili wamekuwa wakisisitiza zifanyike likizoni ili watoto wasikose masomo. Ukipita vijijini Newala au Tandahimba Jumamosi ya Julai, ni nadra kumaliza njia bila kusikia ngoma mahali. Uwanda wa Makonde uko juu, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi ya kweli. Mgeni aliyezoea joto la Mtwara mjini abebe sweta, kwa sababu sherehe hupamba moto usiku wa manane na hakuna ukuta wa kukinga upepo.

Agosti kuna Nane Nane. Maonesho ya wakulima Kanda ya Kusini hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, kuanzia mwanzo wa Agosti hadi tarehe 8. Halmashauri za kanda huleta mabanda, na pamoja na mabanda huja vikundi vya ngoma. Hapo ndipo mtu mwenye siku mbili tu anaweza kuona sindimba, ngoma za Wamwera na ngoma za Wayao bila kuzunguka wilaya tano. Ubaya wake ni kwamba kila kikundi hupewa muda mfupi, mtangazaji huongea juu ya ngoma, na spika za banda la jirani hupiga muziki mwingine. Ichukulie Ngongo kama mahali pa kukutana na viongozi wa vikundi, kupata namba zao na kupanga kwenda kwao. Kuona ngoma hasa utaona huko kwao.

Kipindi cha tatu ni cha korosho. Minada huanza Oktoba, na fedha ikishafika kwa wakulima kupitia vyama vya msingi, sherehe zinafuatana: harusi, kutoa wali kwa familia zilizokosa fedha mwezi wa saba, na wasanii kutoka Dar wanaoleta maonesho kwa kuwa wanajua kusini kuna pesa. Ila usipange kwa tarehe ya mnada. Malipo yanaweza kuchelewa baada ya mnada, na sherehe husogea nayo. Ukitaka uhakika, uliza kama watu wa chama cha msingi cha kijiji fulani wameshalipwa.

Juu ya kalenda hiyo ya mavuno kuna kalenda ya mwezi. Pwani ya Mtwara, Mikindani na Lindi ni ya Waislamu wengi. Ramadhani ngoma na taarab hunyamaza, na kwa kuwa Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kagua kabla ya kukata tiketi. Siku chache kabla ya mfungo kuna vunjajungu, na hapo mji huchangamka kuliko kawaida. Idd pili na Idd tatu ni siku za muziki na watoto wenye nguo mpya. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, ambayo nitaifikia chini.

Lipo pia tamasha la MaKuYa, lililoanza mwaka 2008 Mtwara kwa ajili ya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kwa wanaopenda sanaa hizi ni mahali pazuri mno, kwa sababu vikundi vya vijijini hupewa nafasi ya kucheza ngoma yao kwa urefu wake. Usinunue tiketi kwa kufuata tarehe za mwaka uliopita. Thibitisha na waandaaji au na ofisi ya utamaduni ya Manispaa ya Mtwara Mikindani kwanza.

Moto ndio saa

Ukiambiwa ngoma inaanza saa kumi, usiende saa kumi ukakasirika. Angalia moto.

Ngoma nyingi za Wamakonde huwambwa kwa ngozi ya mbuzi iliyoshikizwa kwa vigingi vidogo vya mti vilivyogongewa ubavuni mwa mzinga. Hakuna kamba ya kukaza. Njia ya kuikaza ni joto. Vijana hukusanya majani makavu, makuti au maboksi, wakawasha moto wa ndimi ndefu, kila mpigaji akashika ngoma yake uso wa ngozi ukielekea motoni. Anaizungusha polepole, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha. Makaa hayatakiwi: yanaunguza sehemu moja na kuacha nyingine. Ukisikia sauti imepanda kutoka "bu" hadi "ti" yenye mlio wa kengele, zimebaki dakika chache. Kazi hiyo huchukua dakika kumi hadi ishirini jioni kavu, na zaidi ukungu ukishuka. Ngozi iliyokaribishwa mno motoni hupasuka, na ngoma iliyopasuka ni jioni iliyokwisha, maana kuwamba ngozi mpya ni kazi ya siku: iloweshwe, ivutwe, ipigiliwe, iachwe ikauke. Kwa hiyo usimharakishe anayepasha, wala usimsogelee kwa kamera akashtuka.

Joto hilo halidumu. Usiku wenye umande sauti hulegea baada ya nusu saa hadi saa nzima, na wapigaji husimama kurudi motoni. Wageni wengi hudhani ngoma imekwisha, wakaondoka. Subiri. Huo ndio muda wa kunywa maji, kumsalimia kiongozi wa kikundi na kuuliza maswali, kwa sababu ngoma ikirudi hakuna atakayekusikia.

Ngoma ndogo kuliko zote, kinganga, ina mguu uliochongoka chini. Huchomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo mbili nyembamba. Vinganga viwili au vitatu ndivyo vinavyoshika mapigo yasiyobadilika, na ngoma nyingine, ntoji, likuti na wenzake, huzungumza juu yake. Majina na idadi hubadilika kijiji hadi kijiji. Jambo hili la mguu wa kinganga lina maana kubwa kwa anayetaka kualika kikundi hotelini au ukumbini. Kwenye saruji au vigae kinganga hakichomeki. Mpigaji atalazimika kukishikilia kwa magoti, mkono utachoka, na mapigo yatayumba. Kama huna uwanja wa udongo, andaa ndoo au debe la mchanga uliolowa na kushindiliwa kwa kila kinganga. Ni kitu kidogo, na ndicho kinachotofautisha onesho zuri na lile la kuhurumiana.

Utaona nini

Sindimba ndiyo inayojulikana nchi nzima. Ni ngoma ya Wamakonde, na kundi la ngoma la taifa lililoundwa miaka ya 1960 liliibeba majukwaani. Baadaye ikafundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Safari hiyo iliipa sifa, lakini pia iliifupisha. Sindimba ya jukwaani ni dakika kumi za viuno na filimbi. Ya kijijini inaanza na wimbo wa mtu mmoja, inaitikiwa, inapanda taratibu, wachezaji wanaingia wawili wawili, mzee anaingia kumwonesha kijana kwamba bado yumo, watu wanapiga vigelegele, na inaweza kwenda saa mbili. Kwa maoni yangu hotelini unaona mkia wake tu. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua kijijini, hata kama ni kukaa juu ya gogo.

Ukiitwa kucheza, ingia. Kukataa mara mbili tatu kunaonekana ni kuwadharau wenyeji. Kunja magoti, inamisha kifua mbele kidogo, mabega yatulie, kazi yote iwe kiunoni. Nyayo zinaburuta karibu na ardhi. Wageni wengi hurukaruka, wakachoka dakika ya pili. Mwanamke afunge kibwebwe kwa khanga, kinamsaidia kuhisi kiuno chake na pia ni adabu. Filimbi ya kiongozi ikilia, mtindo unabadilika. Mtazame yeye, usitazame miguu ya mwenzako.

Ngongoti ni ya wachezaji wanaotembea juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni, wamefunikwa nguo kuanzia kichwa hadi chini. Watoto huipenda kupita kiasi na hukimbilia chini ya miguu ya mchezaji, jambo la hatari. Hapa ardhi ndiyo huamua. Mchanga wa pwani hauifai kabisa, mti huzama na mtu huanguka. Uwanja uwe mgumu, usiwe na mashimo, wala waya wa umeme unaopita chini chini. Kama unaandaa onesho, pita uwanjani na fimbo mchana ukipima, na weka watu wazima wawili kwa kila mchezaji wa kuzuia watoto.

Masewe utayasikia kabla hujayaona: njuga zinazofungwa miguuni, zikigongana kwa kishindo cha miguu ya watu wanaokanyaga pamoja. Ni maarufu upande wa Masasi na maeneo ya bara ya Lindi. Uzuri wake uko chini ya magoti, kwa hiyo kaa chini. Aliyesimama nyuma ya umati anakosa nusu ya ngoma hiyo.

Beni ilipita hapa pia. Ni ngoma ya pwani iliyoiga bendi za jeshi, ikiwa na vyeo na sare, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza vyama vyake viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, vilienea pwani nzima ya Tanganyika. Mabaki yake yamo katika filimbi, mistari iliyonyooka na nguo za sare ambazo utaziona kwenye ngoma nyingi za leo.

Midimu na vinyago vya uso

Hapa ndipo pa kukaa makini. Midimu, ambayo ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, huitwa mapiko, ni ngoma ya vinyago. Mchezaji amefunikwa mwili mzima, hata viganja, na kinyago kimekaa usoni au kichwani. Anatokea vichakani, akiongozwa na watu wake, na watu wanakimbia huku wakicheka na kuogopa kwa pamoja. Anaweza kuwa mzee, mwanamke mwenye ndonya (pambo la kutoboa mdomo wa juu), mnyama, mzungu au askari. Vinyago vya zamani vina nembo, yaani chale za uso wa Kimakonde, zilizochongwa au kubandikwa kwa nta, na vingine vina nywele halisi za binadamu.

Usiulize nani yuko ndani. Swali hilo linaonekana dogo, lakini kwa mila anayecheza si fulani mwana wa fulani, ni kitu kilichokuja kutoka kwa waliotutangulia, na kwa kawaida wanawake na watoto wasiokuwa wamepita jandoni na unyagoni hawaambiwi siri yake. Wapo vijana wa leo watakaokuambia jina kwa hiari yao. Wewe usilitafute. Usimguse, usimfuate akirudi vichakani, na usipige picha anapovua. Akikujia na kusimama mbele yako akitikisa mwili, anasubiri kutuzwa. Weka noti mahali msaidizi wake anapokuonesha, na hatakaa muda.

Kinyago cha kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi. Hakichongwi kwa mpingo, maana hakuna shingo ya kubeba mpingo usiku kucha. Kwa hiyo "kinyago cha kale cha ngoma" unachouziwa kikiwa cha mpingo mzito hakijawahi kuchezewa. Na kama kweli ni cha kale, kilichochezewa, kina jasho na moshi, hapo pia usikinunue. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Kikaonekana kwenye Makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na kilirudishwa Tanzania mwaka 2010 baada ya mazungumzo ya miaka. Vitu vya namna hiyo vina wenyewe. Mchongaji aliye hai atakuchongea kipya na atafurahi zaidi.

Ukinunua vinyago vya mpingo, vile vya ujamaa (watu walioshikamana kwenye gogo moja) au vya shetani (maumbo ya mizimu), kipime kwa mkono kwanza: mpingo ni mzito kuliko unavyotarajia, na kipande cha kiini chake huzama majini. Weusi wa kweli una michirizi ya kahawia ukiutazama juani, na mbao yake ya nje, chini ya gome, ni nyeupe yenye rangi ya siagi, ambayo wachongaji wengi huiacha pembeni makusudi. Paka mate kidogo kwenye kitambaa cheupe ukisugue chini ya kitako. Kikiacha weusi na harufu ya kiwi, ni mti mwingine uliopakwa rangi. Ufa ndio ugonjwa mkubwa wa mpingo. Kipande kilichochongwa kikiwa kibichi hupasuka kikipelekwa nchi ya baridi yenye vyumba vya joto kavu, au hata Dodoma. Uliza gogo lilikatwa lini, chagua kinyago chembamba kuliko kinene, ukifika kwako kiweke kwenye mfuko uliofungwa nusu kwa wiki chache kizoee, na usikiweke dirishani. Dai risiti, utaihitaji uwanja wa ndege.

Jando na unyago: mlango uko wapi

Wageni husikia "unyago" wakadhani ni onesho. Ni shule, na sehemu kubwa yake ni siri ya waliopita. Sehemu ya wazi ni siku ya kuwatoa wali: wanatoka wamepakwa mafuta, wamevaa nguo mpya, ngoma inapigwa, ndugu wanatuza. Hapo mgeni anakaribishwa kama alivyo mgeni wa harusi. Mpitie mwenye sherehe kwanza, yaani baba, mama au mjomba wa mwali, na kwa unyago zungumza na nyakanga, yaani mwalimu mkuu wa unyago, kupitia kwa mama mwenye nyumba. Beba zawadi. Doti ya khanga kwa mwali wa kike inatosha na inapendeza. Kwa wa kiume, fedha ndani ya mkono, siyo hadharani kwa majigambo. Picha za watoto wali usizitume mitandaoni, hata mzazi akicheka na kusema hakuna shida. Mtoto hakuulizwa.

Kualika kikundi

Kama mko watu watano au zaidi, kualika kikundi kunafaa kuliko kuwinda sherehe. Anza ofisi ya utamaduni ya halmashauri, iwe ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, Manispaa ya Lindi au wilaya unayokwenda. Afisa utamaduni anavijua vikundi, anajua kipi kina ngoma nzima na kipi kimebaki jina. Kisha zungumza na kiongozi wa kikundi mwenyewe, ana kwa ana au kwa simu, bila dalali wa kati kama inawezekana, maana dalali huongeza bei kwako na kupunguza posho kwao.

Makubaliano yataje idadi ya watu, kwa kawaida kumi na watano hadi ishirini pamoja na wapigaji, ngoma zipi na kwa muda gani, nani analipa usafiri wa watu na ngoma, chakula, na kurekodi. Usafiri husahaulika. Ngoma haziingii kwenye bodaboda, na kikundi kikilazimika kukodi kirikuu kwa fedha zake, kitafika na watu nane. Toa malipo ya awali ya kutosha kwa gari, kuni na chai, mengine baada ya ngoma, mbele ya watu wawili wa kikundi, na yaandikwe. Ugomvi mwingi ndani ya vikundi huanzia fedha iliyotolewa kwa mtu mmoja gizani. Chakula kiwe kabla kidogo na baada kikubwa: chai na mihogo au ming'oko kwanza, wali na samaki baadaye. Mchezaji aliyeshiba hachezi sindimba.

Kibali uchukue serikali ya mtaa au kwa mtendaji wa kata, na polisi wajulishwe kama kutakuwa na spika hadi usiku. Kwa vijiji vya kando ya Ruvuma ongeza hatua moja: tangu wapiganaji kutoka Msumbiji waliposhambulia kijiji cha Kitaya Oktoba 2020, mgeni asiyejulikana huulizwa maswali, na ni haki. Ripoti ofisi ya kijiji kabla ya kitu kingine chochote, na kitambulisho kiwe mfukoni.

Uwanja uwe wa udongo, upana wa hatua kumi na mbili hivi kila upande, na kivuli cha magharibi ili jua lisiwapige wachezaji machoni. Moto uwe upande ambao upepo unatokea uwanjani kwenda motoni, mbali na mapaa ya makuti. Muda mzuri ni kuanzia saa kumi alasiri. Juni na Julai giza linaingia kabla saa kumi na mbili na nusu. Mwagia vumbi maji saa mbili kabla, kidogo tu. Tope ni baya kuliko vumbi.

Kuhusu kurekodi: vinganga vinaua maikrofoni ya simu. Ukikaa navyo karibu, nyimbo zote zitazama. Simama upande wa waimbaji, hatua sita au zaidi kutoka kwa wapigaji, na shusha kiwango cha sauti kama programu yako inaruhusu. Kurekodi kwa biashara ni habari nyingine kabisa: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na filamu ina vibali vyake. Kikundi kilipwe kwa kazi hiyo kama kazi, mbali na malipo ya ngoma.

Kutuza

Tembea na noti za 1,000 na 2,000 za kutosha. Noti ya 10,000 kijijini usiku haichenjiki, na ukimpa mchezaji mmoja umevuruga ugawaji wao wote. Tuza kwa mkono wa kulia, kwenye paji la uso, mkononi au kwenye kapu, ukicheza hatua mbili ukienda na mbili ukirudi. Usirushe fedha chini. Na usimpe mtoto anayecheza pembeni kwa ajili ya picha, kesho yake hatakwenda shule.

Mjini

Taarab ya bendi kamili huja kwa mwaliko, mara nyingi sikukuu na harusi kubwa. Gari la matangazo huzunguka mchana kutwa, kwa hiyo utalisikia. Singeli na rusha roho ziko kwenye sherehe za mtaani. Nenda na mwenyeji, acha begi nyumbani. Matamasha makubwa ya Mtwara hufanyika uwanja wa Nangwanda Sijaona, na ya Lindi uwanja wa Ilulu. Kusini ina wana wake katika Bongo Fleva, Harmonize akiwa mkubwa wao, na akitajwa jukwaani hapa utaelewa watu wanavyompenda mtu wa kwao. Tiketi ikisema saa mbili usiku, msanii mkuu atapanda saa sita au saba.

Maulidi ya Mfungo Sita yanastahili safari ya peke yake. Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara, ina nyumba za kale, boma la Wajerumani la mwaka 1895, na vichochoro ambamo sauti ya dufi na kaswida hukaa vizuri sana usiku. Hii ni ibada. Vaa nguo za kufunika, mwanamke ajifunge mtandio, vua viatu penye mkeka, kaa upande ulioelekezwa, usipige makofi kaswida ikiisha. Ukipewa kahawa na halua, kula. Ukitaka kurekodi, muulize mwalimu wa madrasa kabla ya kuanza.

Kurudi

Jambo linaloharibu usiku mzuri kuliko yote ni usafiri wa kurudi. Daladala za Mikindani hupungua mapema usiku. Panga bajaji kabla ya kuondoka mjini, kubaliana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na umlipe nusu tu mpaka mrudi. Kwenda Newala au Tandahimba usifikirie kurudi usiku huohuo: barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ni kilomita 210, lami ilianzia kipande cha Mtwara hadi Mnivata, na penye ujenzi kuna michepuko isiyo na taa. Lala Newala. Asubuhi nenda ukingo wa Shimo la Mungu ulitazame bonde la Ruvuma, kisha panda gari la kwanza la kushuka, ambalo hujaa mapema, kwa hiyo nafasi ishikwe jana yake.